Dada Ameniapisha Nisiseme

Mpendwa mshauri, naomba msaada, mimi ambaye mtaa mzima huja kuomba kwangu. Ni fundi wa kuchomelea mageti, watoto wa dada yangu huniita Mjomba Nondo kwa sababu niliwahi kukunja nondo kwa goti, na shule niliishia darasa la tano ila kwa hesabu walimu wenyewe waliniogopa.

Dada yangu mkubwa ni fundi cherehani, ana saratani ya titi, mwaka wa pili sasa, na kila nikienda kumwona namhadithia jinsi nilivyomkimbiza chui kwa koleo, na zamani angenikatiza, "Wewe, juzi si alikuwa fisi?" lakini siku hizi anatazama ukuta tu. Mwezi huu kamaliza nguo zote za wateja, kakataa vitambaa vipya, kanipa cherehani yake, na mimi kwa sifa zangu nikaibeba begani nikitangaza njia nzima kwamba mrithi wa ufundi ni mimi, maana niliwahi kumwambia nilishona sare za shule nzima kwa siku mbili. Jana akaniambia polepole, "Nimechoka kuwasumbua. Nitayamaliza mwenyewe. Niapie hutamwambia mtu." Nikaapa, halafu, Mungu anisamehe, nikaanza hadithi ya mamba. Binti yake anayemuuguza ananiuliza mama kasema nini, na mimi sijawahi kuvunja kiapo. Nifanyeje?

JIBU

Mjomba, barua yako haikuwa ya kusubiri gazeti, ndiyo maana nilikupigia simu mara tu nilipoisoma. Niliyokuambia nayaandika kwa wengine wenye kiapo kama chako.

Pole, naona unampenda. Lakini mtu anaaga na wewe unatangaza urithi? Kivunje kiapo hicho leo. Mwambie binti yake, azitunze yeye dawa zote, na dada asiachwe peke yake hata kidogo. Kaa naye, umuulize waziwazi: "Dada, unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpi mtu wazo, linampa nafasi ya kusema. Akishaanza kusema, nyamaza. Chui na mamba wapumzike.

Kisha mpelekeni hospitali leo hii, mkamweleze daktari maumivu yake na maneno yake yote, bila kuona haya. Maumivu yana dawa, na kukata tamaa kuna matibabu, hata pale saratani yenyewe inapokuwa ngumu.

Atakasirika. Atakuita msaliti. Akikuita, itika.