Kabaila wa Ukutani na Koti la Hamisi

Fundi Kasongo, shikamoo. Leo usipoitikia nitakuelewa, ila kelele zangu utazisikia.

Tangu tukuzike, fundi mkuu hapa Gungu ni mimi. Cheka tu. Cherehani yako inanitii kuliko ilivyokutii wewe. Shida ni makabaila wako wa Kifaransa, zile picha za chapa za kale ulizovuka nazo ziwa kutoka Kongo ukazibandika ukutani. Wanaume wazima, utepe magotini, lesi shingoni kama keki ya harusi! Nawe ukisema, "Tazama, kijana, huyu akisimama tu anadai heshima."

Sasa Hamisi wa Simbo anaoa Jumamosi. Akamnyooshea kidole yule mwenye koti refu na upanga: "Nataka lile lile." Nikamshonea kwa mahameli ya buluu, kila kitu kama pichani, hata upande wa vifungo. Leo kaja kujaribu mbele ya kioo chako, shangazi yake akapiga ukelele: "We mtoto, umemvisha mwanangu koti la kike?" Mtaa mzima ulicheka, Fundi.

Ndipo nikamwona kabaila ndani ya kioo: upanga umehamia kushoto, vifungo vimekaa kiume. Kumbe chapa ni kama mhuri, kilichochongwa kulia kinatokea kushoto! Ndiyo maana kila picha uliitazama kiooni kabla ya kukata. Mimi nikadhani unakagua kipara. Kwa nini hukusema? Kupiga pasi umenifundisha mpaka nimechoka, hili ukaondoka nalo! Nimekasirika hadi machozi, na anayeniuliza namwambia ni moshi wa mkaa.

Matundu ya vifungo nimeshayakata, hayageuki. Mahameli ya rangi ile imeisha mjini. Iliyobaki ni ya koti lako la Krismasi, alilonipa mkeo nilivae nikukumbuke. Nimelitandaza mezani. Bado linanukia wewe, na mkasi ni mzito.

Lakini nakata. Vipande vya mbele tu. Kwa unene wako ule, vinamtosha Hamisi na chenji inabaki. Ataoa amevaa kifua chako, wala hajui. Mgongo na mikono sigusi. Nitaviunga na kifua hata cha kitenge, nivivae kanisani, watu waseme wachoke. Na mwanafunzi wangu wa kwanza nitamsimamisha mbele ya kioo siku ileile anayofika, si kama mtu fulani.

Pumzika, mzee mbishi.

Filipo wako