Wanasema Moto Umeufunga Ugonjwa wa Vene

Alhamisi, Februari 1996. Mvua toka asubuhi.

Sijui nianzie wapi. Kalamu yenyewe inavuja.

Jumapili kifafa kilimkamata Vene wangu jikoni, akaangukia mafiga. Mkono wa kushoto umeungua mpaka kwenye kiwiko. Kidonda zahanati wamekifunga, kitapona. Kinachoniua ni maneno. Hapa Kasokola kila mtu anasema mwenye kifafa akishaungua na moto, basi, ugonjwa umefungwa humo humo ndani, haponi tena. Mama mkwe kasema vidonge vya hospitali sasa ni kumchosha mtoto bure. Baba Vene kanyamaza, na kunyamaza kwake nakujua. Amekubali.

Tena jirani kaleta karatasi kutoka sokoni, imepigwa chapa kabisa, inasema hivyo hivyo.

Imeandikwa! Mimi wa darasa la nne nitabishana na kilichoandikwa?

Leo nikaenda mjini, Kashaulili, kwenye kile chumba cha maktaba. Nikashika kitabu cha afya, nikaanza ukurasa wa kwanza. Dada anayekaa pale akanitazama weee, mwisho akacheka. "Eh mama, kwa mwendo huo kifafa utakifikia mwakani!" Akanionyesha kumbe kule nyuma magonjwa yamepangwa kwa herufi, kila moja na ukurasa wake. Nikatafuta moto, nikapata majeraha tu. Nikarudi kwenye K. Kifafa kipo! Nikasoma kwa kidole, neno kwa neno. Mgonjwa asiachwe karibu na moto. Dawa zisikatizwe ghafla. Kwamba moto unafunga ugonjwa, hakuna. Hakisemi ndiyo, hakisemi hapana.

Matope yote yale, nimefuata kitabu kinachonyamaza kama mume wangu.

Nikamweleza dada habari ya karatasi ya sokoni, akauliza kaandika nani. Nikaifungua kwenye pindo la kanga. Jina la daktari hakuna. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, kuna mganga na dawa yake ya chupa.

"Si unaona? Anayesema vidonge havifai ndiye anayeuza chupa," akasema. "Ukisikia neno, mama, uliza nani kasema, na kajuaje."

Nikarudi nimelowa chepechepe. Mama mkwe alikuwa anamenya mihogo. Toka niolewe sijawahi kumhoji, Mungu anisamehe. Nikakaa chini, nikamuuliza taratibu ni nani alimwona mtoto aliyeungua asipone.

"Mimi," akasema. "Anasta wangu."

Huyo ni wifi yangu. Alikufa kabla sijaja kwenye nyumba hii.

"Dawa alikuwa anakunywa, mama?"

"Za hospitali. Alikuwa na nafuu, hata shule alienda."

"Na baada ya moto?"

"Baada ya moto nani angempa tena, Mama Vene? Si alishaungua?"

Kisu kikasimama katikati ya muhogo.

Alikuwa ameshasikia mwenyewe alichokisema. Akaniangalia kama mimi ndiye niliyemletea habari ya msiba.

Jioni nikampa Vene kidonge chake. Nilijiandaa kwa kelele, kelele hazikuja. Mama mkwe alivuta kigoda chake, akakaa kati ya mtoto na mafiga, moto ameupa mgongo, hakumtazama mtu.

Bado naogopa, naogopa sana. Baba Vene hajarudi na sijui nitaanzaje kumweleza, maana Anasta alikuwa dada yake. Na je, kama kitabu nacho kimekosea? Mwandishi wake simjui. Mwanangu anaweza kuanguka tena hata sasa hivi ninavyoandika, kidonge kikiwa tumboni.

Kanilalia mguuni, anapumua vizuri.

Kesho kuna kidonge kingine.