Macho ya Mjomba na Milimita Zangu

Mpendwa Shangazi, naomba unisaidie upesi, nakuandikia nikiwa nimejifungia stoo ya vipuri maana nikikaa mezani nitalia mbele za watu. Mimi ni mchoraji wa saketi kwenye karakana ya mashine za kutotolea vifaranga, na kazi hii nilifundishwa na mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye natumia naye kompyuta moja, yeye asubuhi mimi mchana, na yeye tangu aanze kazi anapima kwa inchi, mimi inchi hazinikai kichwani, basi siku moja nikaingia kwenye mipangilio ya programu nikaweka milimita, zile nukta zinazoongoza mistari nikazipanga kwa milimita pia, na vile viduara vinavyoonyesha mguu wa kipuri ambao haujaungwa nikavificha kwa sababu vilinichafulia skrini, halafu sikumwambia mtu.

Kumbe mjomba aliendelea na mchoro wake wa zamani, vipuri vimekaa kwenye nukta za inchi, waya mpya zinaangukia nukta zangu, ukitazama unaona zimegusa miguu ya vipuri, kumbe zimepishana nayo kidogo tu, na bila vile viduara hakuna cha kumshtua. Bodi za majaribio zilizotengenezwa kwa mchoro huo zimerudi kutoka kiwandani haiwaki hata moja, bosi akasema mbele ya karakana nzima kwamba macho ya mzee yamechoka, mjomba akacheka, akavua miwani akaifuta, akavaa, akavua akaifuta tena. Nilipofungua mchoro tu nikajua kosa ni langu, nikanyamaza, na jana ameniomba nimchapie barua ya kuacha kazi. Shangazi, nikisema nitafukuzwa, nisiposema nimemmaliza. Nifanye nini?

Mchoraji mwenye hatia

Mwanangu,

Nimekuonea huruma, na papo hapo nimetamani kukufinya. Kompyuta ya watu wawili unabadilisha vipimo kimyakimya kama uko jikoni kwako? Hata hivyo kupenda milimita si dhambi. Kilichoharibu mambo ni huo mdomo wako uliofungwa, na mdomo unafunguka.

Barua usiichape. Kesho asubuhi, katika zamu yake, vuta kiti ukae naye, mwonyeshe kila ulichogusa. Rudisha nukta za inchi, rudisha viduara, kisha mzivute zile waya upya pamoja mpaka kila kiduara kifutike. Nimemuuliza mpwa wangu anayefanya kazi kama yako, kasema hiyo haimalizi hata asubuhi moja, na kwamba vipimo unaweza kuvisoma kwa milimita upendavyo, ila nukta za mchoro wa mtu uziache zilivyo. Umesikia?

Atakasirika kidogo. Vumilia, ni haki yake. Kisha nendeni wote wawili kwa bosi, na useme wewe, siyo yeye. Kufukuzwa sidhani, maana bosi naye ana kauli yake ya kufuta, na mfanyakazi aliyegundua tatizo na kulirekebisha si wa kutupwa hivi hivi. Ukimaliza, ombeni kila mmoja afunguliwe akaunti yake kwenye hiyo kompyuta.

Sasa hivi mjomba wako anaamini amezeeka, na karakana nzima inaamini hivyo. Anayejua kwamba yule mzee anaona vizuri ni wewe peke yako. Nenda kamwambie.