Sauti ya Vitalis kwenye Spika

Devo uko wapi? Usipige, siwezi kuongea. Soma tu.

Leo tulikuwa Mbamba Bay, tunarudisha matokeo ya ule utafiti wetu wa vijana wanaoacha heroini. Ukumbi umejaa. Bosi akaniambia weka ile sauti tuliyomrekodi kijana mmoja, jina tumeshaliondoa, hakuna atakayemjua.

Nikaiweka, Devo. Mimi kwa mkono wangu.

Sauti ikasema, "Mama anajua naumwa malaria. Kumbe ni arosto, mwili unadai unga. Ananipikia uji huku analia, na mimi namdanganya."

Mama mmoja mstari wa mbele akasimama. "Huyo ni Vitalis! Huyo ni mwanangu!"

Yaani jina tumeliondoa, lakini mama ataacha kuijua sauti ya mtoto wake? Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza hilo!!

Na Vitalis mwenyewe alikuwepo, amekaa nyuma na wenzake wa kikundi cha wanaoacha. Watu wote wakageuka. Akatoka nje. Thabiti, yule aliyeacha kabla yake na ndiye anayemshika mkono, akamkimbilia.

Mama akanifuata. Nikajua ananipiga. Akaniuliza, "Wewe amekuambia. Mimi kwa nini hakuniambia?"



Sasa hivi Thabiti amepiga simu. Vitalis amejifungia kwa yule aliyekuwa anamuuzia unga. Thabiti amegonga mlango mpaka amechoka.

Mama yake naye amefika. Amekaa chini mlangoni anamwita. Ndani kimya.