Niliposhuka Baiskeli Matombo

Bigwa, Morogoro
Jumapili, baada ya ibada

Mke wangu mpendwa, Mama Kalunde,

Naanza kwa kukuomba radhi. Barua zako mbili zimekaa chini ya mto wangu muda mrefu bila majibu, na najua umekuwa ukimwuliza kila ashukaye kwenye treni kama amesikia habari zangu. Sikuwa mgonjwa wala sikukusahau. Uliniuliza swali lililonyooka, nirudi Urambo kabla ya mvua au wewe ufunge nyumba uje huku, nami nilikuwa nangojea jambo moja limalizike ili nikupe jibu lililonyooka vilevile. Jambo limemalizika. Jibu bado sina.

Mama anaendeleaje na mguu wake? Usikubali akufiche, yeye husema hajambo hata anapotembea kwa kushika ukuta. Kalunde je, kile kikohozi kimekwisha? Na tumbaku, nasikia sasa wanunuzi wanakuja wenyewe mpaka shambani na kila mmoja ana mizani yake. Msiwe na haraka nao. Mimi ni mzima, ila mwili wote unauma na magoti yamevimba. Nakuandikia nikiwa nimeyanyoosha juu ya kigoda kama mzee wa miaka themanini. Usishtuke, sababu yake ndiyo nitakayokueleza.

Unajua kiwanda cha nguo kimeuzwa. Mmiliki mpya hana haja ya mwalimu wa kisomo. Chumba nilichowafundishia wafumaji kusoma na kuandika kimejaa marobota hadi dirishani, na ubao wangu wameufanya mlango wa choo cha walinzi. Huku mjini kila mtu amekuwa mfanyabiashara. Aliyekuwa karani wa mishahara anauza mitumba, na msimamizi wetu wa zamu anakaanga mihogo karibu na stendi. Mimi nimekuwa nikilima mchicha nyuma ya nyumba, ambao majirani huuomba kwa adabu kubwa na kuondoka nao.

Ndipo akatokea Bwana Nasoro, mtu wa Dar es Salaam anayeingiza baiskeli kutoka ng'ambo. Alitaka watu waone kwamba baiskeli zake zinaiweza milima ya Uluguru, akaandaa mashindano ya siku mbili. Mnaondoka mjini alfajiri, mnapita hapa Bigwa, Kiroka, Mkuyuni na Matombo, mnateremka hadi Mvuha, kisha mnakata kwenda Ngerengere na kurudi mjini kabla ya jua la siku ya pili kuzama. Karibu njia yote ni ya vumbi, na pasipo na vumbi pana mawe. Aliposikia kwamba nilikuwa katibu wa michezo kiwandani, aliniita. Alisema mtu wa umri wangu akiimaliza njia ile kwa muda uliowekwa, juu ya baiskeli yake, hatahitaji tangazo lingine. Mtu huyo atamkabidhi duka lake la Morogoro alisimamie. Nilikubali palepale. Nikiwa na duka, ningekuandikia neno moja tu: njoo.

Nilipanda pamoja na Thobias, mtu wa Ifakara, fundi wa mitambo aliyepunguzwa kazini siku moja nami. Huyo hanyamazi hata akiwa anahema. Vijana wa mjini walitupita kabla ya Kiroka, na mmoja wao akanigeukia akasema, "Babu, inyanyue miguu, baiskeli haili nyasi." Nilimkuta baadaye amekaa kando ya njia analia na mnyororo wake.

Mama Kalunde, sisi wa Unyamwezi tunajiona tumezaliwa juu ya baiskeli, lakini kwetu ardhi imetandikwa kama mkeka. Huku unapanda mpaka mapaja yanatetemeka, unashuka unasukuma, unafika juu unadhani umemaliza, kumbe ni bega tu la mlima na kichwa chake kiko mbele. Kushuka nako si kupumzika. Mpira wa breki ulinuka kama unaungua, na mikono yangu ilikufa ganzi kwa kuzibana. Mchana nilikuwa sioni tena migomba wala mito. Nilikuwa naona gurudumu la mbele tu.

Tulipopita Matombo tulikuta msiba njiani. Watu walikuwa wamebeba jeneza wanapanda nalo kwenda makaburini, na njia ni ileile. Tulishuka, tukavua kofia. Ningesimama kwa heshima wapite, kisha ningeendelea. Hesabu yangu ya kufika Mvuha kabla ya giza ilikuwa bado nzuri. Lakini mtu mmoja aliuliza wazee hawa wanatoka wapi, na Thobias, ambaye mdomo wake haukai kimya, akasema, "Mimi wa Ifakara. Huyu ni Mnyamwezi wa Tabora, baiskeli amezaliwa nayo."

Nilitamani ardhi ipasuke. Wewe unajua Mluguru na Mnyamwezi ni watani, na msibani mtani hapiti bila kufanya kazi yake. Mama mmoja mfupi, aliyejifunga kaniki, alitoka katikati ya waombolezaji akaja akaishika baiskeli yangu usukani kwa mikono miwili. Alikuwa mjane mwenyewe, Mama Paulina.

"Mtani amefika," aliwaambia wenziwe. "Teremsheni jeneza chini."

Nilimwambia kwa upole kwamba nampa pole sana, lakini niko kwenye mashindano.

"Unashindana na nani, na maiti? Huyu hakimbii."

Nikamweleza habari ya muda, na duka, na wewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono haikutoka kwenye usukani. Kisha alisema kwamba zamani watani walikuwa wengi, waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge. Mashamba yalipolala wakarudi kwao, na siku hizi watu wanazikwa bila mtani hata mmoja. "Mume wangu alicheka maisha yake yote," alisema. "Leo nimzike kimya kama mwizi?"

Nilimtazama Thobias. Alikuwa anatazama chini. Nilimwambia atangulie. Alikataa, nikamwambia mara ya pili kwa sauti niliyokuwa nikiitumia darasani, akaenda.

Basi nikafanya kazi ya mtani. Wewe ungecheka, maana hujapata kuniona nikifanya hivyo hata kwa shemeji zangu. Niliilaza baiskeli katikati ya njia mbele ya jeneza, nikasema hapiti mtu. Nikasema mzee huyu ni mvivu. Miaka yote ameupanda mlima huu kwa miguu, leo ameona umemshinda, akajilaza ili abebwe, na mimi mgeni nimesukuma baiskeli tangu asubuhi bila hata mmoja wa kuniambia, Mnyamwezi, lala nawe tukubebe. Watu walicheka. Mama Paulina alisema, "Mtani gani huyu, anatania kama anasoma taarifa ya habari," wakacheka zaidi, na yeye akacheka mpaka wakamshika kwapani, kisha kicheko kikageuka. Hapo ndipo alipolia vizuri. Wanawake waliniambia alikuwa hajatoa chozi tangu jana yake.

Niliingia kaburini nikakataa kutoka mpaka waliponipa jogoo, nikatoka, katekista akaendelea na sala zake. Halafu sikuweza kuondoka, maana mtani haondoki kabla ya kula. Jua lilikuwa limekwisha kuzama. Tulipokuwa tunakula ugali na maharage nje ya nyumba, Mama Paulina alikuja kukaa karibu nami akaniuliza nimekaa Morogoro muda gani na watu wangu wako wapi. Nikamwambia.

"Na wewe ukifia huko Bigwa, nani atakutania?"

"Ninyi."

"Sisi tutakuja kula tu. Wa kukulilia je?"

Alisema kwa utani, akaenda kuosha vyombo. Wanaume walinipa mkeka barazani.

Siku ya pili sina mengi ya kusema, kwa kuwa sikumbuki mengi. Nilipitia Mvuha bila kusimama. Njia ya kuja Ngerengere ina mchanga unaomeza magurudumu, na mahali pengi nilitembea nikiegemea baiskeli kama mlevi. Nilipotokea kwenye lami, goti la kulia lilikuwa halikunji, nikawa nakanyaga kwa mguu mmoja. Niliingia mjini jua likiwa limezama. Walikuwa wanapakia viti kwenye lori.

Bwana Nasoro hakunifokea. Alinipa soda, akasema anaheshimu misiba, hata kwao wanazikana, lakini wateja watauliza mtu wake alifika saa ngapi, na yeye atajibu nini. Duka la mjini alimpa Thobias, ambaye alifika kwa wakati. Simlaumu Thobias. Yeye ndiye anayejilaumu. Amekuja hapa mara tatu, na mara mbili za kwanza alinipalilia mchicha tu akaondoka. Mara ya mwisho alileta salamu kwamba amemsihi tajiri, na tajiri amekubali jambo jingine. Watu wa Matombo wameuliza habari za baiskeli na habari za yule Mnyamwezi wa msibani. Nikitaka, naweza kupewa chumba cha kuuzia na kutengeneza baiskeli hukohuko milimani. Bwana Nasoro anataka jibu atakaporudi kutoka Dar es Salaam.

Hivyo ndivyo mambo yalivyo. Ningeshinda, ningekuwa nimekwisha kukuita. Ningeshindwa kabisa, ningekuwa ndani ya treni. Badala yake nimepewa chumba juu ya mlima, mbali nawe zaidi kuliko nilipo sasa, miongoni mwa watu ambao wana haki ya kunitukana. Nimechoka, Mama Kalunde. Uchovu wenyewe si wa njia ile tu. Na lile swali la mjane ninalala nalo. Mimi nilipewa kwa mzaha, lakini wewe unaishi nalo kila siku, uko na mama yangu badala yangu. Kwa hiyo sitaamua peke yangu kisha nikutaarifu. Niambie ukweli: unaweza kuishi mahali ambapo maji yako bondeni na nyumba iko juu? Na mama anaweza kubebwa hadi huku, au hata kulitaja jambo hilo ni kumtesa? Usiandike yale unayodhani nataka kuyasoma.

Mpe mama shikamoo yangu, umshike mkono unapompa. Nisalimie mjomba Kasele, mzee wetu wa ukoo, umwambie nimemtania Mluguru hadi kaburini na sikupigwa. Msalimie shemeji Mihayo seremala, na Bi. Mwamini mkunga, jirani anayekuletea maji ukiugua. Kalunde asome, mwambie baba yake anauliza.

Andika upesi, Bwana Nasoro hakai sana Dar es Salaam. Barua yako ikifika na tukiisha kuamua, nitakuandikia siku hiyohiyo: ama kukwambia treni nitakayopanda, ama kukueleza mahali pa kuteremkia na jinsi ya kufika Matombo.

Ni mimi mumeo,
Baba Kalunde