Mama Si Kizibo cha Sucré

Mpendwa yaya, ndugu yangu mkubwa,

Nimekasirika. Naandika barua hii wazi ili hata baba zetu wadogo, uliowatumia ule ujumbe wa kuuza nyumba, waisome.

Unakumbuka ile siku mvua ilipotufungia nyumbani, mtaani Ndosho? Ulipanga sakafuni vizibo vya sucré, hizo soda anazouza mama, vingine vikitazama juu, vingine chini. Kila kizibo kilifuata majirani wake, isipokuwa dadu ikikiruhusu kukaidi. Ukaidi huo ndio joto, ulisema. Ukizidi, hufika mahali ambapo makubaliano yote yanavunjika. Lakini katika mraba wetu mdogo hatukupaona mahali penyewe. Vizibo viligeuka karibu vyote juu, kisha chini, nikalia kwamba mchezo umeharibika.

"Haijaharibika," ukaniambia. "Ni kidogo tu. Kitu kidogo haivunjike mara moja."

Mama akaturuka na sahani ya sombe, kisamvu chake, akicheka. Nilikupenda sana siku ile.

Ulipoingia chuo ukanifundisha la ajabu zaidi: sumaku inayopashwa joto, na maji yanayokaribia kutotofautiana tena na mvuke, hufuata sheria zile zile karibu na mahali pa kubadilika, ingawa havina undugu wowote.

Sasa uko Ulaya, na tangu vita viingie mjini umeligeuza somo hilo kuwa amri. Nyumba ya marehemu papa, baba yetu, iuzwe, mama aletwe kwako, eti watu wote ni sawa, wakifika pale wanavunjika. Mama mwenyewe hukumuuliza.

Umesahau nusu ya somo, yaya. Namna ya kubadilika ndiyo inayofanana. Joto la kuvunjikia, kila kitu kina lake. La mama hulijui. Na nyumba yetu ni ndogo, kama ule mraba wa vizibo: leo analia, hatoki kitandani, kesho yuko barabarani anagombana na watu wa moto, wale wenye pikipiki. Ukimtazama siku moja tu, utatangaza lolote unalotaka.

Nilimsomea ujumbe wako. Aliuliza kwanza kama umekonda. Kisha akasema, "Mutoto wangu anauzisha nyumba yangu, na hajaniambia hata bonjour."

Atakayekuja na mnunuzi atanikuta mlangoni. Ukitaka mama ahame, mpigie wewe mwenyewe, umwombe, na akikataa, nyamaza.

Kwaheri. Simu yake anaiweka karibu na mto wa kulalia, na bado hajalala.

Mdogo wako wa kike,
aliyebaki naye