Mayai Kwenye Gauni la Nesi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na tafadhali usicheke, maana dada yangu amekwisha kucheka vya kutosha.

Nina miaka kumi na tatu. Mama yangu ni fundi wa nguo, anashonea hapa hapa nyumbani, sebuleni, na juu ya cherehani yake kuna taa kali kuliko zote mtaani kwetu, kwa hiyo jioni tukichelewa kidogo kufunga dirisha huingia nondo, wale vipepeo wanaozungukazunguka taa, na Mama huwaona kama wezi. "Hao tena! Wamekuja kunilia vitambaa vya watu! Lete kandambili!" Mimi kandambili huileta polepole sana, na nikiwahi kumfikia nondo humfunika kwa glasi, nikapitisha karatasi ya paterni, ile ya kukatia nguo, chini yake, nikamlaza kwenye boksi la viatu chini ya kitanda, na asubuhi humwachia kichakani kabla sijaenda shule. Dada yangu huuliza, "Wageni wameamka salama, Mama Wadudu?"

Mshauri, sijui kama umewahi kumtazama nondo kwa karibu. Nilidhani wote wana rangi ya vumbi. Lakini mmoja alikuwa na manyoya shingoni kama aliyevaa koti la baridi, na mwingine alikuwa na mstari wa fedha bawani, mwembamba kiasi kwamba hata Mama asingeweza kuushona. Kabla ya kuruka hutetemeka mwili mzima, nami nilidhani ni woga, mpaka mwalimu wetu wa sayansi aliponiambia kwamba wanajipasha moto ili mabawa yapate nguvu.

Jumapili iliyopita, kama saa moja jioni, aliingia mmoja mkubwa kama kiganja cha Mama, wa kahawia, na nilipomkaribia alifungua mabawa, na kwenye kila bawa la nyuma kulikuwa na jicho jeusi lenye ukingo wa njano, yale macho yakanitazama, nikasahau kupumua. Mama alikuwa jikoni, nikasikia anakuja, glasi ni ndogo, boksi liko chumbani, na pembeni yangu lilitundikwa gauni la harusi la nesi mmoja, limekwisha, limo kwenye mfuko wake wa zipu, na Mama ana sheria kwamba nguo iliyokwisha haiguswi na mtu mpaka mwenyewe aje. Nikafungua zipu, nikamwingiza nondo, nikafunga.

"Mbona umesimama kama askari wa lindo?" Mama akauliza.

"Nanyoosha mgongo, Mama."

Asubuhi nilipofungua alikuwa ametulia kwenye bitana ya gauni, kwa ndani, na kando yake alikuwa ametaga mayai arobaini na matatu, meupe, madogo kama vichwa vya pini, kwa mistari iliyonyooka kana kwamba alipewa rula. Nilimtoa taratibu, nikampa maji ya sukari kwenye kijiko, hakuyagusa. Shuleni mwalimu akaniambia, "Huyo hana kinywa cha kulia. Akishatoka kwenye kifukofuko hali tena mpaka afe. Ana siku chache tu, na kazi yake ni kutaga." Ana siku chache, halafu mimi nikamfungia mojawapo ndani ya mfuko, akashindwa kungoja, akataga humo humo. Asubuhi ile, nilipokuwa namwachia kabla ya shule, alitetemeka, akavuka paa la jirani, sijamwona tena.

Nimejaribu kubandua yai moja kwa ukucha, limeganda kabisa. Nesi atakuja kulichukua gauni Ijumaa ya wiki ijayo, kesho yake ndiyo harusi, na mwalimu anasema mayai ya namna hiyo huweza kuanguliwa baada ya siku kumi au wiki mbili. Mama hajawahi kutoa nguo yenye kasoro. Nikimwambia, ataona nimemharibia jina, na najua atayapitishia pasi ya moto. Nisipomwambia, dada wa watu ataingia ukumbini na viwavi. Dada yangu anasema nichague, gauni au mayai. Mimi bado natumaini vyote viwili vitapona. Je, inawezekana?

Barua hii nimeileta mwenyewe kwenye ofisi ya gazeti lenu leo Jumanne, baada ya shule.

Mwenye Boksi la Viatu

*

Mwanangu Mwenye Boksi,

Nimeivusha barua yako mbele ya ile ya bwana anayegombania televisheni na shemeji yake. Wao wamegombana miaka minne, wiki moja zaidi haitawaua. Mayai hayangoji.

Nikugombeze kwanza tumalize. Kumwokoa nondo si kosa. Kosa ni kumficha kwenye nguo ya mtu aliyemwamini mama yako. Halafu eti unanyoosha mgongo! Fundi anayeona uzi mmoja uliopinda, unadhani haoni mtoto aliyepinda?

Acha kukwangua. Ukucha utachana bitana na yai kwa pamoja. Usilowanishe, na pasi ikae mbali.

Ukimaliza kusoma hapa, nenda kwa mama yako. Usimwendee akiwa na pini mdomoni. Ngoja cherehani inyamaze. Anza na kosa: "Mama, nilifungua mfuko wa gauni la nesi." Ukianza na uzuri wa mabawa ataona unamzungusha. Nondo wako hakuwa na kinywa, wewe unacho.

Sasa swali lako. Nilimsomea barua hii fundi anayeshona jirani na ofisi yetu. Aliweka chaki chini. "Arobaini na matatu? Kwa mistari?" Akaniomba nirudie kusoma. Kisha akasema, "Mwambie huyo binti bitana siyo gauni. Inafumuliwa. Mama yake atakata kipande chenye mayai, atatia kipya, jioni moja imekwisha." Basi, inawezekana. Kipande hicho kibanwe kwenye tawi la mti ambao viwavi wa nondo huyo hula majani yake. Mti gani, muulize mwalimu. Usibahatishe.

Wanaotoboa nguo ni viwavi wa nondo wadogo sana wanaopenda giza la kabati, si hawa wanaofuata taa. Hilo mwambie mama siku nyingine, si leo. Nesi naye aelezwe. Namna ya kumweleza ataijua mama yako.

Ndiyo, ulimpunguzia nondo wako siku. Sitakudanganya. Lakini mimi nimeviringisha gazeti hili hili miaka mingi nikawabamiza wenzake ukutani, wala sikujua kwamba kule kutetemeka ni kujipasha moto ili waruke. Juzi mmoja alitua kwenye meza yangu. Niliacha kuandika mpaka alipoondoka.

Mama akikasirika, mwache, ana haki. Usilie ili akuhurumie. Akishachukua mkasi, mshikie bitana ikaze vizuri, umhesabie mayai kwa sauti, polepole, moja moja, asije akakata hata moja.